Safu ya Kurudi

Umeme ulikatika Katuba, tukasimamisha mshumaa
juu ya kifuniko cha kopo la maziwa.
Feza akageuza kalenda ya duka la dawa,
ya mwaka uliokwisha, mgongo wake mweupe,
akasema: Andika. Wewe ndiye mtu wa reli.

Nikaandika stesheni kama mtu anayetaja wajomba:
Likasi, Tenke, Lubudi, Luena, Bukama.
Miaka thelathini na mmoja nimekaza breki za mabehewa
yaendayo huko, nimeyagonga kwa nyundo, nimeyasikiliza,
nimeyapungia mkono.
Mimi mwenyewe sijavuka Likasi.

"Bukama tunashuka. Tutatafuta pikipiki hadi mbugani,
Upemba. Nataka kumwona punda milia."
"Punda," akasema Feza.
"Milia."
"Uliza bei ya mwenye milia, na ya asiye nayo."
Akacheka hadi ulimi wa mshumaa ukalala.

Sikumwambia yote.
Kitabu chetu cha darasa la kwanza, cha Kifaransa,
kilikuwa na mnyama kwa kila herufi,
na yeye ndiye aliyefunga mlango, ukurasa wa mwisho.
Kilipofika mikononi mwangu, waliotangulia
walikwisha kuuchana.
Nilisoma alfabeti nzima, nikasimama kwenye uzi.

"Wanasema wamebaki wachache," nikasema,
"wanakimbia hata kivuli cha wingu."
"Na tusipowaona?"
"Tutakuwa tumefika wanakokaa."
Akanitazama kama mtu aliyeuziwa gunia la makala
akakuta katikati ni majani.

"Ziwa halijifichi," akasema.

Hiyo ndiyo nusu yake ya safari:
Kamina, Kabalo, Nyunzu, halafu Kalemie,
mchanga, na siku nne bila kushika mwiko.
Alitoka huko ana miaka kumi na mmoja,
ameketi juu ya magunia ya ndagala,
miguuni viatu vya dada yake.
"Asubuhi maji yale hayana ng'ambo," huniambia.
"Jioni ng'ambo inarudi."

Tukabishana kipi kitangulie.
Yeye: mwili umechoka, uanze kuoshwa.
Mimi: nani anaoga kisha anaingia vumbini?
Nyama kwanza, maji baadaye, kama mezani.
Hapo nilishinda, au aliniachia.

Basi hesabu. Tikiti mbili. Pikipiki. Ruhusa ya mbuga.
Mtu wa kututembeza. Unga wa bukari ya njiani,
kwa sababu treni huenda ikafika siku ya tatu,
huenda ya tisa; mimi niliyeitengeneza najua.
Chandarua. Kitenge kipya cha Feza.
"Cha kuogelea?"
"Cha kutokea majini, watu wakitazama."
Likelemba inatufikia mwezi wa nane.
Na lile deni la Banza, ambaye tangu Pasaka
ni mtu wa kesho.

Dirishani, lile lima la taka za shaba
lilikuwa jeusi kuliko usiku.
Mshumaa ulibaki kidole kimoja.

Feza alikuwa amepiga mistari:
Kwenda. Kula. Kulala. Kurudi.
Safu tatu zilijaa tarakimu zake,
nyembamba, zimelaliana kama ndagala juani.
Ya nne ilikuwa tupu.

"Hapa umesahau," nikasema.

Alikuwa amesimama, anakunja kitenge
ambacho hatujakinunua,
mikono ikipima hewa, pindo kwa pindo.

"Sijasahau."

Nikachonga penseli kwa kisu.
Nikaichonga tena.

Kisha umeme ukarudi kwa kishindo,
redio ya jirani ikaendelea na neno lililokatwa,
friji ikatetemeka.
Hakuna aliyeupuliza mshumaa.
Katika mwanga ule mkali, ndani ya safu ya nne,
kupitia karatasi, zilionekana tarehe
za mwaka uliokwisha, zimepinduka,
zinasomeka kutoka upande ule mwingine.